attrib, chattr au chflags: uchague ipi kulinda na kuficha mafaili kwa mstari wa amri

Faili lenye ruhusa 400 (mwenyewe kusoma tu) kwenye Linux halimzuii root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, hata kidogo. `rm -f` moja tu, limekwenda. Hata mtumiaji wa kawaida asiye na haki ya kuliandika anaweza kulifuta kama folda lilimokaa ni yake, kwa sababu kufuta kunaamuliwa na ruhusa ya folda, si ya faili. Ndiyo maana mifumo mingi ina tabaka la pili lililo nje ya ruhusa za kawaida: alama za sifa za faili. Windows huzibadilisha kwa `attrib`, Linux kwa `chattr`, macOS na FreeBSD kwa `chflags`.

Amri hizi tatu zinafanana kwa sura, lakini hazina nguvu sawa. Anayedhani `attrib +r` ya Windows ni sawa na `chattr +i` ya Linux atakuja kupoteza data. Kabla ya kuchagua, jiulize unamzuia nani: mkono wako mwenyewe ukikosea, programu inayoandika upya mafaili bila kuuliza, au mtu aliyekwisha kupata haki za root.

| Unachotaka | Windows | Linux | macOS / FreeBSD |
|---|---|---|---|
| Faili lisiandikwe | `attrib +r` | `chattr +i` | `chflags uchg` au `schg` |
| Liongezewe mwishoni tu | hakuna | `chattr +a` | `chflags uappnd` au `sappnd` |
| Lifichwe | `attrib +h` | hakuna. Anza jina kwa nukta | `chflags hidden` |
| Kuona alama | `attrib` | `lsattr` | `ls -lO` (macOS), `ls -lo` (FreeBSD) |
| Anayeweza kuiondoa | yeyote mwenye haki ya kuandika sifa | root tu, kwa `i` na `a` | mwenye faili kwa `u…`, root kwa `s…` |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio wa kuangalia zaidi. Alama ambayo mwizi anaweza kuiondoa mwenyewe ni kumbusho tu, si kufuli.

Windows: attrib

Herufi za kila siku ni nne: `R` kusoma tu, `H` kufichwa, `S` faili la mfumo, na `A` ya nakala rudufu, yaani "nimebadilika tangu niliponakiliwa mara ya mwisho". Jumlisha huweka, kutoa huondoa:

```
attrib +r mkataba.docx
attrib -r -h -s mkataba.docx
```

Ukiandika `attrib` bila alama yoyote, inaorodhesha mafaili ya folda uliyomo, herufi zikiwa upande wa kushoto.

Kosa linalowasumbua wengi ni ujumbe `Not resetting hidden file`. Unatokea pale unapotaka kuondoa `R` kwenye faili ambalo pia lina `H` au `S`. `attrib` hukataa kugusa alama nyingine hadi hizo mbili zitajwe. Dawa ni kuziondoa zote kwa amri moja kama hapo juu, kisha kurudisha unazozihitaji.

Kazi inayoifanya `attrib` itafutwe kuliko zote ni flashi iliyoingiliwa na virusi: folda zote zimetoweka, zimebaki njia za mkato tu. Mara nyingi mafaili yapo, yamewekewa `H` na `S`. Kwa kuwa yana zote mbili, hata kuwasha uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa hakutoshi, kwa maana Windows huyahesabu kuwa mafaili ya mfumo yanayolindwa. Kama flashi ni `E:`, andika:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

`/s` inaingia folda zote za ndani. `/d` inazigusa folda zenyewe. Ukiisahau `/d`, mafaili yataonekana ndani ya folda ambazo bado zimefichwa, na utadhani amri haikufanya kazi. Safisha virusi kwanza. Ukifanya kinyume, baada ya dakika chache alama zinarudi.

Sasa udhaifu wake. `R` kwenye faili huzuia kuandika, na `del` ya kawaida hukataa kulifuta, lakini `del /f` hulifuta bila kusita. Kubadilisha jina au kuhamisha hakuzuiwi kabisa. Kwenye folda, `R` haizuii kitu: mafaili ya ndani yanaendelea kuandikwa na kufutwa, kwani Windows huitumia alama hiyo kutambua folda zenye mwonekano maalumu. Kwa hiyo ukitaka kuzuia kweli, acha `attrib`, tumia `icacls` inayobadilisha ruhusa zenyewe:

```
icacls mkataba.docx /deny "Users:(WD,AD,DE)"
icacls mkataba.docx /remove:d Users
```

Ya kwanza inakataza kuandika, kuongeza na kufuta. Ya pili inaondoa katazo hilo. Ila angalia na folda mama: mwenye haki kamili juu ya folda anaweza bado kufuta vilivyomo, na mwenye faili anaweza kuzibadilisha ruhusa tena.

Watumiaji wa PowerShell wajihadhari na mitego miwili. Ukiandika `$f.Attributes = 'ReadOnly'` unafuta alama nyingine zote na kubakiza hiyo moja. Na mifano mingi inayosambaa hutumia `-bxor`, ambayo hugeuza hali: skripti ikiendeshwa mara mbili, faili lililofichwa linafichuka. Kuweka tumia `-bor`, kwa kusoma tu, `(Get-Item mkataba.docx).IsReadOnly = $true` inatosha.

Kuna herufi mbili mpya zenye faida kubwa kwa mwenye OneDrive. `attrib +p` hulazimisha faili libaki kwenye kompyuta wakati wote, na `attrib +u -p` huliachia liwe la mtandaoni tu ili diski ipumue. Kwa folda yenye maelfu ya mafaili, hii ni haraka kuliko kubofya. Kubana na kusimba, kwa upande mwingine, haviwekwi kwa `attrib`. Kazi hizo ni za `compact` na `cipher`.

Linux: chattr

Hapa ndipo penye nguvu. `chattr` na mwenzake `lsattr` hutoka kwenye kifurushi cha e2fsprogs, na ingawa zilizaliwa kwa ajili ya ext2, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, alama kuu mbili zinafanya kazi pia kwenye mifumo mingine kama ext4, XFS na Btrfs.

`i` hufanya faili lisiguswe. Haliandikwi, halifutwi, halibadilishwi jina, haliundiwi kiungo kipya, na hata `chmod`, `chown` na `touch` hugoma. Root naye anajibiwa hivi:

```
# chattr +i /etc/fstab
# rm -f /etc/fstab
rm: cannot remove '/etc/fstab': Operation not permitted
```

Zingatia maneno hayo. `Permission denied` maana yake ruhusa hazitoshi. `Operation not permitted` huku ukiwa root ni dalili ya kwanza ya kukufanya uendeshe `lsattr`. Mtu asiyejua tofauti hii anaweza kupoteza nusu siku akirudia `chmod 777` juu ya faili lenye `i`.

Folda ikipewa `i`, hakuna jina linaloongezwa wala kuondolewa ndani yake, ila yaliyomo kwenye mafaili ambayo tayari yapo yanaweza kuhaririwa. Kama unataka yote yafungwe, weka `chattr -R +i`. Na kuiona alama ya folda yenyewe tumia `lsattr -d`. Bila `-d` utaonyeshwa ya ndani tu.

`a` huruhusu kuongeza mwishoni tu. Ni nzuri kwa mafaili ya logi: `echo ... >> logi` inapita, `echo ... > logi` inakataliwa. Tatizo lake ni logrotate, programu inayoweka kando logi za zamani na kuanza mpya. Hiyo hubadilisha jina la faili, na kubadilisha jina kumezuiwa, hivyo logi inakua bila kikomo hadi diski ijae. Kwenye mpangilio wa logi hiyo weka `chattr -a` ndani ya `prerotate` na `chattr +a` ndani ya `postrotate`. Bila hatua hiyo usiweke `a` kwenye logi yoyote ya seva inayofanya kazi.

Kabla ya kuweka `i` au `a` simamisha huduma inayolitumia faili. Ukaguzi wa alama hufanyika hasa wakati faili linafunguliwa, na programu iliyokwisha kulifungua kwa kuandika inaweza kuendelea kuandika.

Mahali `i` inapotumika sana ni `/etc/resolv.conf`, kuzuia huduma za mtandao zisibadilishe seva za majina. Hapo watu wengi hukwama mapema, kwa sababu kwenye mifumo mingi ya sasa `resolv.conf` si faili halisi bali ni kiungo kinachoelekeza ndani ya `/run`. Alama hizi haziwekwi kwenye kiungo. Amri inajibu `Operation not supported`. Hakikisha kwa `ls -l`. Kama ni kiungo, kiondoe, andika faili halisi, ndipo uweke `+i`. Bora zaidi ni kurekebisha mpangilio wa huduma yenyewe. Hapa `i` ni dawa ya kutuliza maumivu.

Usiweke `i` kwenye `/etc/passwd` na `/etc/shadow` bila kufikiri. Inazuia akaunti mpya zisizotakiwa, kweli, lakini inazuia pia `useradd` na mabadiliko ya nenosiri, na masasisho ya vifurushi vinavyounda akaunti za huduma yanakatikia njiani. Anayeamua kufanya hivyo aandike mahali panapoonekana, maana msimamizi atakayemfuata hataota kuangalia huko. Kutafuta mafaili yote yenye `i` ndani ya `/etc`:

```
lsattr -Ra /etc 2>/dev/null | grep '^....i'
```

Herufi `i` hukaa nafasi ya tano kwenye safu ya `lsattr`, ndiyo sababu ya nukta nne.

Haki ya kuweka na kuondoa `i` na `a` si ya root kwa jina lake, ni ya uwezo unaoitwa `CAP_LINUX_IMMUTABLE`. Hili lina matokeo mawili ya kufaa. Kwanza, root aliye ndani ya kontena ya Docker hana uwezo huo kwa kawaida, hivyo `chattr +i` humkatalia hadi kontena ianzishwe na `--cap-add LINUX_IMMUTABLE`. Pili, unaweza kuinyima huduma inayoendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, uwezo huo:

```
CapabilityBoundingSet=~CAP_LINUX_IMMUTABLE
```

Huduma hiyo, hata ikiendeshwa kama root na hata ikivamiwa, haitaweza kuiondoa `i` kwa mkono wake. Hapo alama inaanza kuwa kufuli kweli, na ni hatua ambayo wengi wanaiacha.

Alama nyingine nyingi za `chattr` zina ahadi kubwa kuliko kazi. `s`, inayosemwa kuwa hufuta faili kwa kulijaza sifuri, na `u`, ya kuruhusu faili lililofutwa lirudishwe, hazitekelezwi na ext4. Utaziweka, `lsattr` itazionyesha, na hakuna kitakachotokea. Usimwambie mtu kwamba data zake za siri zimefutwa salama kwa sababu ya `+s`. `c` ya kubana nayo ext4 huipuuza. Kwenye Btrfs inafanya kazi.

`C` ni hadithi nyingine. Kwenye Btrfs huzima kunakili kabla ya kuandika, jambo linalosaidia diski za kompyuta pepe na hifadhidata, ambazo huandikwa vipande vidogo vidogo na kuchanikachanika. Lakini inafaa kuwekwa kwenye faili tupu tu. Njia ya uhakika ni kuunda folda mpya, kuipa `chattr +C`, kisha kunakili mafaili humo kwa `cp --reflink=never`; mafaili mapya yatairithi alama. Gharama yake ni kwamba mafaili hayo yanapoteza ukaguzi wa usahihi wa data na hayabanwi.

Epuka `chattr =i`. Alama ya sawasawa inataka faili libaki na hizo ulizotaja tu, hivyo inagusa na nyingine kama `e`, inayoonyesha namna ext4 ilivyolipanga faili kwenye diski. Tumia jumlisha na kutoa.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya `i`: tangu kerneli (kiini cha mfumo) 4.5 ya mwaka 2016, vigezo vingi vya UEFI, programu ya ndani inayowasha kompyuta, chini ya `/sys/firmware/efi/efivars` vinakuja tayari vimewekewa `i`, kwa sababu `rm -rf` iliyofika huko iliweza kuua kabisa baadhi ya kompyuta zisiwake tena.

macOS na FreeBSD: chflags

`chflags` ilitoka na 4.4BSD mwaka 1993, na kimuundo ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, kwa kuwa inatenganisha ngazi mbili. `uchg` ni ya mwenye faili: anaweka na kuondoa mwenyewe. `schg` ni ya root pekee. Kuondoa unatanguliza `no`:

```
chflags uchg mkataba.pdf
chflags nouchg mkataba.pdf
```

Isipokuwa `nodump`, ambayo kinyume chake ni `dump`.

Kwenye macOS, `uchg` ni ile ile alama ya kufunga faili inayoonekana kwenye dirisha la taarifa za Finder. Ni ya kutosha kwa makosa ya mkono. Haitoshi mbele ya `sudo`: `rm` ya BSD ikiendeshwa na root huiondoa `uchg` yenyewe na kuendelea kufuta, kwa hiyo `sudo rm -rf` inapita juu yake bila kusimama. Hapo ndipo inapotofautiana vikali na `chattr +i`.

`hidden` huficha machoni pa Finder tu. Amri ya `ls` inaendelea kuonyesha. Matumizi yake mashuhuri ni kuifichua folda ya Library ya mtumiaji, iliyofichwa tangu toleo la mwaka 2011: `chflags nohidden ~/Library`. Na ukikuta alama `restricted` kwenye mafaili ya mfumo, hiyo ni kinga iliyoingia na toleo la El Capitan mwaka 2015. Root haiondoi, usipoteze muda kwa `sudo chflags`.

FreeBSD inakwenda mbali kuliko wote. Kiwango cha usalama cha kerneli kikiwa 1 au zaidi, `schg` na `sappnd` haziondoleki na yeyote, root akiwemo, na kiwango chenyewe kinapandishwa tu, hakishushwi hadi mashine iwashwe upya. Kwenye `/etc/rc.conf` andika:

```
kern_securelevel_enable="YES"
kern_securelevel="1"
```

Kisha, na hili husahaulika, weka `schg` kwenye `/etc/rc.conf` yenyewe, kwenye `/boot/loader.conf`, na kwenye skripti za kuwasha mfumo. Vinginevyo mvamizi atabadilisha mstari huo, atawasha mashine upya, na kinga imekwisha. Ujue pia kwamba kwa kiwango 1 huwezi kupakia moduli za kerneli, na kusasisha mfumo kunahitaji kuwasha upya kwa kiwango cha chini. Kazi ya kawaida itakayokugomea ni kufuta folda ya jela ya zamani (jail, mfumo uliotengwa ndani ya FreeBSD), kwani maktaba za mfumo ndani yake zina `schg`. Endesha `chflags -R noschg` juu yake kwanza, ndipo `rm -rf`.

Kwa kazi ipi, ipi

Nyaraka zako mwenyewe usizotaka kuzigusa kwa bahati mbaya: `uchg` kwenye Mac, kwenye Linux `chmod a-w` kwa faili pamoja na folda yake inatosha, na `chattr +i` ni kama una tabia ya kutumia `sudo` ovyo. Kwenye Windows `attrib +r` ni bora kuliko kutofanya kitu, basi.

Faili la mpangilio linaloandikwa upya na programu: `chattr +i`, bila mashaka. Kwenye Windows usihangaike na `R`, nenda moja kwa moja kwenye `icacls`. Logi ambazo mvamizi hapaswi kuzisafisha: `sappnd` yenye kiwango cha usalama kwenye FreeBSD, kwenye Linux `+a` pekee haifai dhidi ya root, tuma logi kwenye seva nyingine papo kwa papo.

Kuficha si ulinzi kokote. Tumia `+h` au `hidden` kupunguza msongamano machoni.

Alama zikisafiri

Hapa pana hasara za kimyakimya. `cp -a` na `rsync -a` za Linux hazibebi alama za `chattr`. Nakala inatoka bila `i`. `cp -p` ya macOS huzibeba. `xcopy` ya Windows huondoa `R` usipoandika `/k`, na huyaruka yaliyofichwa usipoandika `/h`. `robocopy` nayo ina kituko chake: ukinakili kutoka mzizi wa diski kama `D:\`, folda unayopelekea hurithi `H` na `S` za mzizi na kutoweka machoni, mtu akadhani nakala haikufanyika. Kinga yake:

```
robocopy D:\ E:\Nakala /E /A-:SH
```

Folda iliyokwisha kupotea hivyo inarudishwa kwa `attrib -h -s E:\Nakala`.

Kwenye Linux, hifadhi orodha ya alama pamoja na nakala rudufu: `lsattr -Ra /etc > alama.txt`. Ukirejesha mfumo, isome orodha hiyo uweke `+i` na `+a` upya, na uziweke mwisho kabisa, baada ya umiliki na ruhusa kurudi mahali pake. Ukitangulia kuziweka, `chown` na `chmod` za urejeshaji zitagoma kwa kila faili lenye `i`.